Siku Kanga Wangu Waliponyamaza

Alhamisi, Masasi. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, miamba yote imejifunika shuka kama wagonjwa wa wodini. Sasa ni saa kumi jioni na jua ndiyo kwanza limekumbuka kazi yake. Hali ya moyo wangu ni majivuno matupu, na doa moja.

Nianze na majivuno. Doa limesubiri miaka hamsini, halina haraka.

Leo asubuhi nilikuwa barazani na muhogo wangu wa kuchemsha. Jirani yetu, mwalimu kijana kutoka Mbeya, alikuwa upande wa pili wa uzio akisahihisha madaftari. Ni binti mwema, shikamoo yake haikosi hata siku ya mvua. Basi akasonya, akafunga daftari kwa nguvu, akasema darasa lake zima lina akili ya kuku.

Muhogo ulinikwama.

Nikamwambia, binti yangu, wanafunzi wako wakaripie utakavyo, wana wazazi wa kuwatetea, lakini kuku waache. Akacheka. Akaniuliza, Babu, kuku ana akili gani? Sasa mtu kama mimi ukiniuliza swali kama hilo umejitakia mwenyewe. Mimi nimekuwa utingo wa lori kutoka Mtwara hadi Tanga, nimekata mkonge, nimeiona Mombasa, na Kongo nilibakiza mpaka tu. Shule yangu ni darasa la nne, na la tano nililisoma nikiwa nje ya dirisha. Lakini juu ya namna mnyama anavyosikia, anavyoona na anavyojibu, hapa Masasi hakuna wa kunifundisha, na Newala sidhani kama yupo.

Nikamsimulia hadi muhogo ukapoa. Alipoondoka alisema kisa hicho atawapelekea wanafunzi wake, maana wamefika kwenye somo la mishipa ya fahamu na hawaelewi chochote.

Hapo ndipo nilipoanza kuwashwa. Kwa sababu nilichomsimulia ni robo tatu ya ukweli, na ile robo iliyobaki ni ya mtu mwingine.

Basi shajara yangu, wewe nitakupa robo zote nne.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa sisi tulikuwa juu kwenye uwanda, kijiji kipya si mbali na Chilangala, nyumba zimepangwa mistari kama mihogo. Ng'ambo ya Ruvuma vita vya Msumbiji vilikuwa vimewaka. Ndege za Mreno zilikuwa zikivuka mto bila kubisha hodi. Ndiyo maana kila kijiji kilikuwa na mahandaki, na kila kijiji kilikuwa na rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na mgambo mmoja wa kuigonga.

Mgambo huyo kwetu alikuwa mimi. Nyundo mkononi, kofia kichwani, na maringo ambayo hata mwenyekiti wa kijiji hakuwa nayo.

Asiyeujua uwanda wa Makonde aelewe jambo moja: huko juu maji hakuna. Ardhi nzuri, korosho nzuri, watu wazuri kuliko wote, lakini kisima hakuna. Wanawake walikuwa wakishuka ukingoni, chini kabisa bondeni, wanajaza debe, wanalitua juu ya ngata, wanapanda nalo. Ukitoka alfajiri unarudi jua la utosi. Na ile njia ya kupandia ilikuwa wazi, imekwanguka kama kisogo cha mzee. Ndege ikimkuta mwanamke pale akiwa na debe kichwani, inamwona kama inzi kwenye maziwa.

Mke wangu alikuwa akishuka na kupanda njia hiyo. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, na tumboni alikuwa amembeba huyu huyu Felista ambaye leo tunakaa kwake. Kwa hiyo wengine walikuwa wanalinda taifa. Mimi nilikuwa nalinda watu wawili wanaotembea kwa miguu miwili.

Tatizo lilikuwa masikio. Nikisikia mimi, ndege imeshafika. Macho ndiyo kabisa, zilikuwa zikipita chini chini zikifuata bonde. Rimu yangu ilikuwa inatangaza habari ambazo kila mtu ameshaziona.

Ndipo nikawaona kanga. Kanga ndege, wenye madoadoa. Nilikuwa nimeokota mayai yao msituni nikayaatamisha kwa kuku wangu mwekundu, akaangua kumi na mmoja na kuwalea kama wake, maskini, bila kujiuliza kwa nini watoto hawafanani na baba yao. Walikuwa wakichakura karibu na rimu. Nikagundua kwamba kabla ndege haijasikika, kanga wale walikuwa wameshabadilika. Mimi bado natafuna muwa, wao wana habari.

Nilitangaza kijiji kizima kwamba nina mgambo kumi na mmoja wasiohitaji posho. Nikasema kuanzia leo kanga wakishtuka, mimi nagonga.

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Sikuuliza kanga wanashtuka vipi.

Ilikuwa msimu wa kutoka jando. Wavulana wamerudi, ngoma zinalia uwanjani, wageni wametoka hadi Makote. Kilichobaki ni lipiko, yule mcheza kinyago. Kwa mila yetu lipiko si mtu. Ni kitu kilichofufuka. Wanawake hawajui ni nani yumo ndani na hawatakiwi kujua, na akitoa ule mlio wake kutoka porini, mwanamke aliye njiani anaiacha njia, anaingia kichakani, hatazami nyuma.

Ndani ya kinyago alikuwamo Baba Sofia. Leo nalitaja jina lake, nimezeeka, wanifunge. Alikuwa mchongaji, mkimya, na kwenye uchezaji hakuna aliyemfikia katika uwanda mzima. Akitikisa mabega ungeapa kwamba hana mifupa.

Siku hiyo akaamua kutokea upande ambao hakuna aliyeutarajia, nyuma ya nyumba yangu. Akapita katikati ya kanga wangu na kile kichwa cha mti chenye nywele za kweli na meno ya kweli.

Kanga walilipuka. Kelele zile, bwana, kama mabati kumi yanaburutwa kwenye mawe. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, natazama bondeni. Sikugeuka. Mgambo hodari hageuki. Nikagonga rimu kwa mikono miwili.

Uwanja mzima uliruka. Ngoma zikabwagwa, pombe ikamwagika, watu wakaingia mahandakini kama panya. Na lipiko naye, kitu kilichofufuka, akakumbuka kwamba bomu halichagui. Akaruka kwenye handaki la karibu. Lilikuwa la wanawake. Kinyago kikagonga ukingo, kikamtoka kichwani, kikabaki juu kikitabasamu. Chini alibaki Baba Sofia, jasho tupu, uso kwa uso na mama mkwe wake.

Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Wanawake wote waligeukia ukuta wa udongo na kufunika nyuso.

Na mbinguni hapakuwa na hata kunguru.

Wazee walinivua nyundo siku hiyo hiyo. Wakanitoza mbuzi, wakanipa kazi ya kuchimba vyoo vya shule, na jina wakanibandika: Baba Kanga. Rimu akapewa mgambo mwingine, mtu ambaye masikio yake yalikuwa ya kuwekea kalamu tu. Yote hayo niliyastahimili, hata jina. Lakini Baba Sofia hakucheza tena. Wazee walisema kinyago kilichovuliwa siri hakirudi kichwani. Yule mtu aliyekuwa hana mifupa akabaki barazani kwake akichonga vinu na mipini ya majembe. Nikipita namwamkia, anaitikia marahaba, anaendelea kuchonga. Hakunitukana hata siku moja. Laiti angenitukana.

Nilikuwa na njia mbili: kuwachinja kanga, au kuwasoma.

Nikaenda kwa Mwalimu Kato. Alikuwa kijana wa Kihaya aliyeletwa kutoka Bukoba kufundisha shule yetu, na jioni alifundisha elimu ya watu wazima. Huyo hakunicheka. Jioni moja alituletea chura. Kile kichwa alikuwa ameshakiondoa, yaani chura yule hakuwa na cha kufikiria nacho. Akamdondoshea maji ya ndimu mgongoni. Mguu wa nyuma ukapanda wenyewe, ukafuta ndimu, ukashuka.

Mama mmoja alitoka darasani na hakurudi hadi wiki iliyofuata.

Mwalimu akatueleza kwamba mwilini mna nyuzi, mishipa ya fahamu, zinazopeleka habari kutoka ngozini, machoni na masikioni, na nyingine zinazorudisha amri kwenye misuli. Habari kubwa zinakwenda hadi kwenye ubongo. Lakini zile za dharura zinakatiwa shauri njiani, kwenye uti wa mgongo, kabla kichwa hakijajua. Nikanyoosha mkono. Nikasema nimeelewa: uti wa mgongo ni balozi wa nyumba kumi, ugomvi wa kuku na mbuzi anaumaliza palepale, hapeleki wilayani. Mwalimu Kato aligeuka, akaandika maneno yangu ubaoni. Ubaoni! Maneno ya mtu wa darasa la nne. Nikimkumbuka hadi leo nanyoosha shingo.

Nilimuuliza kwa nini kanga anasikia ndege ya chuma kabla yangu. Akasema kila mnyama ana masikio ya kazi yake, labda wao wanakamata ule mngurumo mzito wa chini chini ambao sisi unatupita. Kisha akasema hana hakika, nitazame mwenyewe. Nilimpenda tangu hapo. Mwalimu anayesema hajui ni sawa na mvua ya mwezi wa nane.

Basi nikatazama. Nilifunga kamba ndefu, nikaiburuta majanini taratibu kama nyoka. Kanga wakasimama wima, wakanyoosha shingo na kupiga kelele, wakaizunguka kamba ile kwa matusi. Nikachukua ungo wa mke wangu, ule aliopewa harusini, nikaurusha hewani upite juu yao kama kipanga. Yule mama yao kuku akatoa sauti moja nyembamba, ndefu, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Kisha kimya. Kanga wote kumi na mmoja wakajibana chini, kila mmoja kalaza kichwa upande, jicho moja ardhini na jicho moja mbinguni.

Nilirudia siku baada ya siku. Ungo ukatatuka ukingo. Mke wangu akawa anawaambia wenzake kwamba mume wake ameacha kuongea na watu, siku hizi anarusha vyombo.

Lakini nilikuwa nimepata. Nyoka ukimpigia kelele anajua ameonekana, anaondoka. Kipanga ukimpigia kelele umemwonyesha ulipo. Kwa hiyo kelele ni ya hatari ya chini, kimya ni cha hatari ya juu. Kile kichwa kidogo kama korosho kilikuwa na majibu mawili kwa maswali mawili, na mimi mwenye kichwa cha kofia namba kubwa nilikuwa na jibu moja, nyundo.

Hapa ndipo majivuno yangu yana haki.

Sasa ile siku. Ilikuwa asubuhi, umande umeshakauka. Wanawake walikuwa wameshuka tangu alfajiri, na mke wangu alikuwa kati yao, tumbo la miezi saba. Nilimkataza. Alisema kama naweza kumshawishi mtoto wa tumboni asione kiu, atabaki.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nachonga mpini wa jembe niliposikia sauti moja nyembamba ya kuku. Halafu sikusikia kitu.

Niligeuka. Safari hii niligeuka. Kanga wote wamelala kama mawe, vichwa vimepinda, macho kumi na moja yanatazama kusini. Mbingu ilikuwa safi kama sahani. Nilishika pumzi, sikusikia ngurumo wala mvumo. Nywele za mikono yangu zilikuwa zimesimama kabla sijafikiri lolote, balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshapiga muhuri.

Nilikimbia kwenye rimu. Yule mgambo akanizuia, akaniambia amri ya mwenyekiti naijua, nyundo siigusi. Nilimsukuma, nikachukua nyundo, nikagonga.

Hadi hapa ndivyo nilivyomsimulia yule binti leo. Kisha nilimwambia kwamba kijiji kizima kiliingia mahandakini na wanawake wote wakaacha njia, wakaokoka, na mimi nikabebwa mabegani.

Kubebwa nilibebwa kweli. Lakini hivi ndivyo ilivyokuwa.

Niligonga, na hakuna aliyekimbia.

Watu walitoka nje, wakatazama juu, wakaona mbingu tupu, wakanitazama mimi. Wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kama leo Baba Kanga ameona kinyago kingine. Nilikwenda mbio hadi ukingoni. Kule chini niliwaona, mstari wa wanawake katikati ya njia iliyo wazi, madebe yanameta juani. Walikuwa wamesimama. Rimu walikuwa wameisikia. Mmoja wao alitikisa kichwa, wakaendelea kupanda. Na wao walikuwa wamechoka na rimu yangu, mimi Danstani.

Nilipiga kelele, upepo ukaichukua sauti yangu ukaipeleka kwa nyani. Sina aibu kusema kwamba nililia.

Ndipo nikamwona Baba Sofia amesimama kando yangu, vumbi la mti limemjaa mikononi.

Hakunisalimu. Aliniuliza, "Wanapiga kelele?"

Nikamwambia, "Hapana, kaka. Wamenyamaza."

Sijui alijua vipi maana yake. Pengine alikuwa akinitazama siku zote nikirusha ungo. Au mtu anayekaa na mti na patasi anajifunza kusikiliza kitu kisichosema. Alisogea hadi kwenye ukingo kabisa, akaweka viganja mdomoni, akatoa ule mlio.

Mlio wa lipiko. Mchana kweupe, bila kinyago, nje ya msimu, mbele ya watu. Jambo ambalo mtu hafanyi. Mtu aliyeshavuliwa kinyago ndiyo kabisa, anaweza kufukuzwa na wazee wa jando asizikwe na mtu.

Ulishuka bondeni kama jiwe. Na wanawake, wote kwa pamoja, wakayatupa madebe na kuingia vichakani. Hapakuwa na aliyetazama nyuma. Njia ikabaki na madebe tu yanayobingirika.

Kisha tukaisikia. Ilitokea mtoni, chini kabisa, ikalifuata bonde, na ilipofika kwenye njia ile ikamwaga risasi kutoka mwanzo wa mteremko hadi mwisho. Vumbi lilifumuka kwa mstari ulionyooka, kama mtu anashona. Ikapinda, ikarudi ng'ambo.

Wanawake wakaanza kutoka vichakani mmoja mmoja. Tuliwahesabu. Walitimia.

Mke wangu alipanda akiwa na miiba nyweleni na debe lake lenye matundu matatu. Alinipita, akaenda kukaa chini ya mkorosho, akaweka mkono tumboni, akasubiri. Mtoto alipocheza ndipo aliponitazama.

Wazee wa jando walikaa jioni hiyo. Jambo lilikuwa zito. Kumwadhibu mtu kwa mlio uliookoa wake zao hawakuweza, na kuuacha hivi hivi hawakuweza pia. Wakaamua kwamba hakuna mlio uliosikika. Rimu ndiyo iliyosikika. Wanaume wote tukaapa.

Kwa hiyo sifa zote zikawa zangu. Nilirudishiwa nyundo, nikaitwa hadi Newala mjini kusimulia mbele ya wakubwa, na kanga wangu waliletewa mtama wa bure. Nami nilizichukua sifa hizo. Sitasema uongo, zilikuwa tamu. Nimezila miaka hamsini, vilabuni, misibani, kwenye mabasi, hadi leo asubuhi pale kwenye uzio.

Baba Sofia sikumshukuru. Ningemshukuruje? Ukimshukuru mtu kwa mlio ambao haukusikika, umeusikia. Nilikuwa namwamkia tu, shikamoo, marahaba, naye anaendelea kuchonga. Sasa ni mzee sana, anakaa kwa binti yake kule Makote.

Hilo ndilo doa.

Na siku zote nilikuwa na maelezo yangu ya kisayansi. Nilijiambia kwamba wanawake wale hawakuamua kukimbia. Wamefundishwa mlio ule tangu utoto, miguu ilijibu yenyewe kama mguu wa yule chura, kichwa kikajua baadaye. Nilikuwa najivunia sana maelezo hayo. Leo, baada ya yule binti kuondoka, niliingia jikoni nikamwambia Mama Felista kila kitu. Mlio, kiapo, Baba Sofia. Nikamweleza na ya chura. Nilisema kwa sauti ya chini, maana navunja siri ya wanaume mbele ya mwanamke, katika umri huu.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Baba Felista," akasema, "yule tulimjua ni nani tangu msimu wake wa kwanza. Magoti yake yanagusana. Kinyago kinafunika magoti?"

Nikamuuliza, basi mlikimbia nini kama hamkuogopa?

Akasema walisimama kidogo, na mimi sikuona kwa sababu nilikuwa nalia. Walitazamana. Rimu yangu ilishawahi kusema uongo, lakini Baba Sofia hakuwa mtu wa utani, na walijua kilichomtokea na kinachoweza kumtokea. Wakasema mtu huyu hawezi kutoa mlio huu bure. Ndipo wakatupa madebe.

Kwa hiyo si miguu. Ni vichwa, tena vilishauriana.

Nilikaa kwenye kigoda. Nikamwambia kinachoniuma ni kwamba mtu yule hakushukuriwa na yeyote. Hapo ndipo aliposimamisha mikono. Akaniuliza kama sijawahi kuona. Nikasema kuona nini. Akasema kuanzia wiki ile, hadi mwaka tulipohamia Masasi, kila mwanamke aliyekuwa njiani siku ile, akipanda na debe lake, alikuwa anapitia kwa Baba Sofia na kumimina kibuyu kimoja kwenye mtungi wake wa barazani. Hawakusema neno, naye hakusema neno. Mke wake hakushuka bondeni tena.

Nilikuwa naona. Hilo ndilo linaloniua. Nilikuwa naona wanawake wakipita pale, naona mtungi umejaa, na nilidhani ana ndugu wengi.

Maji yale, kwenye uwanda ule, yaliyopandishwa kwa shingo. Mke wangu akiwa na mtoto mgongoni. Mbele ya macho ya mgambo hodari anayejua lugha ya ndege.

Niulizeni kuhusu kanga, nawajibu. Mke wangu nimekaa naye miaka hamsini sikumsoma ukurasa hata mmoja, na bado leo najivuna kuliko nilivyojivuna asubuhi, ila safari hii si kwa ajili yangu. Najivuna kwamba nimeoa katika kundi lile.

Nilimuuliza, sasa mimi nikifika Makote nimwambie nini mzee yule. Akasema nimwamkie kwanza, nikae, nisisimulie chochote. "Safari hii msikilize yeye," akasema, "wewe umeshasema sana."

Nilikuwa nimepanga niende Jumamosi, kwa sababu Jumamosi magari ya kupanda Newala ni mengi. Lakini mzee wa umri ule, na mimi wa umri huu, Jumamosi ni mbali. Yule binti wa Mbeya nitamwachia ujumbe asiwasimulie wanafunzi wake kwanza, kisa hakijakamilika.

Nakwenda kesho.